Namba Isomeke: Jinsi ya Kufunga Namba ya Mashindano ya Baiskeli

Namba ya mashindano imeandikwa mkabala na jina lako, lakini anayeihitaji ni mtu mwingine: yule aliyekaa kando ya mstari wa mwisho na karatasi, kalamu na macho mawili. Kundi likiingia mjini kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, kila mmoja wenu anakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Watu kumi wanaweza kuvuka mstari kabla mwamuzi hajamaliza kuvuta pumzi, wamebanana, vichwa chini, naye anatakiwa aandike nani wa tatu na nani wa saba. Mashindano makubwa yana kamera maalumu ya mstarini. Mbio zetu nyingi za Malindi, huku pwani ya Kenya, za sikukuu na za vijijini, kamera ni simu ya kijana aliyesimama karibu. Namba ikikunjika, ikipeperuka au ikifunikwa na tishati, umemaliza na hukumaliza.

Haya yote yaliyo hapa chini yanajibu swali moja: mtu aliyesimama kando ya barabara ataisoma wewe ukiwa umeinama?

Kabla ya pini, uliza meza iko upande gani

Kwa kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mbio za barabarani huvaliwa namba mbili, moja kila upande wa mgongo wa chini, pamoja na kibao kidogo cha kwenye fremu. Mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa huvaliwa namba moja. Baiskeli za milimani hufungwa kibao mbele ya usukani, na mwendeshaji huvaa namba moja mgongoni. Ukubwa nao umepangwa: namba ya mwilini ina upana wa sentimita 16 na urefu wa 18, na tarakimu zenyewe zina kimo cha sentimita 10. Ukipewa kikaratasi cha kiganja chenye tarakimu za kalamu ya wino, mwambie mwandalizi mapema, kwa upole, kwamba hakitasomeka. Ni heri maneno hayo asubuhi kuliko mchana.

Anayetoka kwenye mbio za miguu huja na namba kifuani, kwa mazoea. Kwenye baiskeli kifua kinatazama lami. Mgongo wa juu, ukiinama vizuri, unatazama mbinguni. Kinachobaki kuelekea kwa watu wa kando ya barabara ni ubavu na kiuno, na ndiyo sababu namba hushuka chini na kwenda pembeni.

Kwetu mara nyingi utapewa namba moja tu, kwa hiyo upande unakuwa jambo kubwa. Meza ya waamuzi Malindi hufuata kivuli. Itawekwa chini ya mwarobaini au kwenye baraza ya duka, na kivuli kikihama, meza nayo huhama. Uliza unapochukua namba, kisha uulize tena asubuhi ya mbio. Halafu fikiria unaingia mjini kutoka wapi. Meza ikiwa upande wa baharini, anayeingia kutoka Gede, upande wa kusini, bahari iko kulia kwake, basi namba iwe kulia. Anayerudi kutoka Mambrui, upande wa kaskazini, bahari iko kushoto, na namba ifuate. Mbio za kwenda na kurudi zina mtego hapa: hesabu upande utakaokuwa nao wakati wa kumaliza, usihesabu wa kuanzia.

Swali la pili la kuuliza ni namba isimame vipi. Kwenye mashindano ya wataalamu utaona namba zimesimama wima juu ya mifuko ya jezi, vichwa vya tarakimu vikielekea mabegani. Huko wana kamera, wana magari, wana watu wa kutosha. Mahali ambapo mwamuzi amekaa kando na kalamu, namba hugeuzwa: kichwa cha tarakimu kinaelekea uti wa mgongo, mguu wake unaelekea tumboni, ili ukiinama kushika usukani tarakimu zisimame sawasawa mbele ya anayekutazama kutoka ubavuni. Kama hujaambiwa kitu, mimi ningechagua hii ya pili kwa mbio za huku kwetu. Ukitaka kuona zinavyokaa kwa watu wanaojua kazi, tafuta picha za ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani uliofanyika Kigali Septemba 2025, kisha acha kutazama nyuso, tazama viuno.

Vitu vya kuandaa

Pini za usalama nane kwa kila namba, na nyingine nne za akiba. Waandalizi hutoa nne, moja kila pembe, na wanadhani wamemaliza. Nne hazitoshi. Nunua zako kwenye duka la vifaa vya kushonea au kwa wauza ushungi, na uchague za wastani, kama urefu wa sentimita tatu. Kubwa hutoboa matundu yasiyofunga, na ndogo sana hujifungua nguo ikivutika. Kagua kila moja kabla ya kulipa: ncha iwe kali, na kofia yake ikamate ncha bila kulegea. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini za bei ya chini zinaota kutu zikiwa bado ndani ya pakiti, na kutu ikiingia kwenye jezi nyeupe haitoki.

Ongeza kebo tai chache za plastiki kwa ajili ya kibao cha fremu, koleo ndogo au mashine ya kukatia kucha ya kukatia mikia yake, na maka peni nyeusi isiyofutika. Selotepu nitaizungumzia mbele, maana ina ubaya wake. Zaidi ya hapo unahitaji mtu. Namba haifungwi vizuri na mtu aliye peke yake.

Jioni ya kuamkia mbio

Fungua bahasha ukiwa nyumbani, usisubiri uwanjani. Soma tarakimu zako kwa mbali. Kama ni 6, 9, 66, 86 au 98, angalia kama kuna mstari chini yake. Kama haupo, omba ruhusa uchore, kwa sababu namba ikisomwa kichwa chini 86 inasomeka 98 na mwenzako atapewa nafasi yako. Kama namba ina kidude cha kielektroniki cha kupimia muda kilichobandikwa nyuma, kipapase ujue kiko wapi. Hicho hakikunjwi na hakitobolewi.

Usikate pembe, usikunje ukingo, usipunguze sehemu yenye matangazo ya wafadhili. Kanuni inakataza namba kukunjwa au kubadilishwa, na wanaokunja ili ionekane ndogo na ya kitaalamu wanamfurahisha kinyozi wao tu. Kuna desturi ya zamani ya kuifinyanga karatasi mkononi hadi ilainike ili ifuate mwili. Namba za siku hizi za karatasi isiyochanika zinavumilia, na zikishatandazwa tena hazina neno. Ya karatasi ya kawaida ukiifinyanga na jasho la Malindi likaikuta, kufika Gede umebaki na pini.

Hapo ndipo wengi hukimbilia selotepu. Wakiibandika juu ya tarakimu, wanapata kioo: jua la saa nne likiipiga, mwamuzi anaona mng'ao mweupe, haoni namba. Ibandike upande wa nyuma, ule unaogusa jezi, nayo itazuia jasho bila kung'aa. Kingo za karatasi ziimarishwe pia kwa nyuma, mahali pini zitakapopita.

Sasa, pini

Kuna njia mbili za kuitegemeza jezi. Iliyo bora ni kuivaa, ukainama kama uliye juu ya baiskeli, na mwenzako akafunga. Ukiwa umesimama wima kitambaa kimejikunja kiunoni. Namba ikifungwa hapo, ukiinama kitambaa kinavutika, karatasi haivutiki, na pini zinaanza kupasua pembe. Kwa hiyo panda baiskeli kabisa, iegemee ukutani, shika usukani pale unapokusudia kushika wakati wa kumaliza. Kama huna ukuta, shika ukingo wa meza na uinamishe mgongo hadi kiwango hicho.

Njia ya pili ni ya anayejiandaa peke yake, au ya dada asiyetaka mikono ya mtu mgongoni mwake pale uwanjani. Ivalishe jezi dumu la maji la lita 20, lililo tupu na kavu. Kitambaa kitavutika karibu kama kilivyo mwilini, na mikono yako yote miwili iko huru. Kwa mtu mwembamba au mtoto, dumu la lita 10 linatosha. Kabla ya kuivua mwilini weka alama mbili za chaki mahali namba inapotakiwa kukaa, moja karibu na uti wa mgongo, nyingine ubavuni, la sivyo utaifunga katikati ya mgongo kwa sababu ndipo dumu linapokualika.

Mwenye kufunga aanze hivi. Shika namba mahali pake bila pini. Mwendeshaji ainuke, ainame, apige mizunguko ya miguu. Kama paja au kiwiko kinaigusa, ipandishe kidogo. Kama ukingo wa chini umetokeza nje ya jezi, iingize. Hapo kuna nafasi ya kubishana bila hasara. Baada ya pini ya kwanza kila kubadilisha mawazo ni tundu jipya.

Pini ya kwanza iende kwenye pembe ya mbele ya juu, yaani ile inayotazama bega na iko karibu na uti wa mgongo. Usitumie matundu yaliyotobolewa tayari kwenye namba. Hayo ni makubwa, karatasi inacheza ndani yake, na ndipo panapochanikia. Chagua mahali pazima, kama nusu sentimita kutoka ukingoni. Toboa karatasi na jezi pamoja, zama, kamata kitambaa kidogo sana, ibuka juu. Sogea mbele kidogo, zama tena, ibuka tena, kisha funga. Pini iwe imepita kwenye karatasi mara nne, na ilale sambamba na ukingo wa namba. Anayezamisha mara moja tu na kufunga ameipa karatasi uhuru wa kuzunguka kwenye pini, na ikishazunguka itachanika.

Mkono mmoja wa anayefunga uwe ndani ya jezi muda wote, kiganja kikitenganisha kitambaa na kilicho chini yake. Bila hivyo pini itakamata kanda za kaptura au fulana ya ndani, na mwendeshaji atagundua akitaka kwenda haja.

Pini ya pili ni pembe ya mbele ya chini. Ukishaifunga, ukingo wote wa mbele uwe umenyooka bila mkunjo. Huu ndio ukingo unaokutana na upepo, na ukiachia nafasi ya kidole tu, hewa inaingia na namba inajaa kama tanga. Kwa hiyo, kabla ya kwenda nyuma, ongeza pini mbili katikati ya ukingo huu. Msimu wa kusi, ukitoka mjini kuelekea Gede upepo unakujia usoni na ubavuni; msimu wa kaskazi unakungoja wakati wa kurudi, nawe umechoka na umeinama zaidi. Sioni sababu ya kufanya uchoyo wa pini mahali hapa.

Pembe za nyuma zifuate. Vuta karatasi ilale, usivute kitambaa. Ukivuta kitambaa, jezi ikirudi mahali pake namba inavimba katikati. Kisha pini moja katikati ya ukingo wa juu, moja katikati ya ukingo wa chini. Jumla ni nane. Kama ukingo wa nyuma unainuka, hapo ndipo zile za akiba zinapofanya kazi.

Sasa mifuko. Jezi ya baiskeli ina mifuko mitatu mgongoni, na namba inapenda kukaa palepale. Wakati wa kufunga, ingiza vidole ndani ya mfuko na uhakikishe pini inakamata tabaka la nje tu. Kisha jaribu kutia na kutoa tende, kashata, ndizi, chochote utakachobeba. Ikiwa mfuko ni mdogo kiasi kwamba namba lazima ivuke mdomo wake, toa kafara mfuko huo mmoja, na chakula chote kihamie wa katikati. Kuziba mfuko kwa kujua hakuna ubaya. Ubaya ni kugundua kilomita kadhaa baada ya daraja la Sabaki, njaa imeshika, na vidole vinakuna pini.

Ukimaliza, mwenzako aende hatua kumi kando, wewe uiname juu ya baiskeli, asome kwa sauti. Asome tarakimu moja moja, asiseme tu "iko sawa bwana." Halafu pita mbele yake kwa kasi mara moja. Namba iliyofungwa vizuri iko kimya. Ukisikia inapigapiga, rudi kwenye ukingo wa mbele.

Ukivaa tishati, buibui la michezo, au begi

Si kila mtu ana jezi ya kubana, na mashindano ya kijijini hayahitaji. Shida ya tishati pana ni kwamba ukiinama inaning'inia tumboni na kuvuta namba chini, hadi tarakimu zinatazama mnyororo. Ichomeke kwenye kaptura, kisha ukusanye upana wa ziada nyuma, kwenye uti wa mgongo, uukaze kwa pini mbili kabla hata ya kuigusa namba. Kitambaa kikishatulia ubavuni, fanya kama nilivyoeleza.

Kwa kina dada wanaovaa vazi refu na ushungi, mtandio ulegee mbele lakini nyuma uingie ndani ya vazi, usije ukaanguka juu ya namba mbio zikipamba moto. Pini ya ushungi, ile yenye kichwa cha shanga, isitumike kwenye namba. Haina kofia ya kufunika ncha, na ukianguka lamini itakuingia.

Anayebeba mfuko wa maji mgongoni, au koti la mvua wakati wa masika, akumbuke kwamba kitu cha nje kabisa ndicho kinachovaa namba. Namba nzuri chini ya koti haina tofauti na namba iliyosahauliwa nyumbani.

Bandi badala ya pini

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa nguo za pamba, na sioni inatumika inavyostahili. Mji umejaa mafundi cherehani. Mpelekee fundi tishati au jezi yako jioni, mwambie aipige namba bandi kwa mkono, mishono mirefu ya sentimita moja hivi, kuzunguka kingo zote nne. Itakaa bapa kuliko pini yoyote, haina chuma cha kukuchoma ukianguka, na baada ya mbio unavuta uzi mmoja inatoka. Mwambie waziwazi asipige cherehani: sindano ya mashine hutoboa karatasi kwa karibu sana na namba inakatika kwenye mstari kama stempu. Mwambie pia asiifunge mifuko. Fundi akiona mfuko wazi mkono unamuwasha.

Kwa jezi ya kitambaa kinachovutika, bandi ya kawaida itakatika ukiinama, isipokuwa nguo ikiwa imevalishwa dumu wakati wa kushona. Hapo ni kazi ya subira, na pini ni rahisi zaidi.

Gundi ya kupuliza wanaitumia wengine, hasa kwenye mbio dhidi ya saa, kwa kuwa namba inashika mwilini bila kingo za kukamata upepo. Kwenye baridi ya Ulaya, sawa. Hapa, kwa joto na jasho letu, kingo huanza kubanduka mapema, na gundi nyingine inaacha doa kwenye kitambaa. Ukiitumia, weka na pini za pembeni, yaani umefanya kazi mara mbili. Vifungo vya sumaku navyo vipo. Ni vizuri kwa anayekimbia taratibu ufukweni.

Kibao cha fremu na cha usukani

Kibao cha fremu hukaa chini ya siti, sambamba na baiskeli, ili kionekane kutoka pande zote mbili. Kifunge kwenye nguzo ya siti kwa kebo tai mbili, ya juu na ya chini; moja peke yake inakigeuza bendera. Kiangalie kisiguse paja la ndani na kisiguse breki ya nyuma. Kwenye Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, lenye keria, nguzo ya siti imefichwa na vyuma, basi kining'inize chini ya bomba la juu la fremu, nyuma kidogo, mbali na magoti. Zungusha pedali kinyumenyume ukiwa umekaa, uhisi kama kuna kinachokwaruza.

Kibao cha usukani kifungwe mbele ya nyaya, na kebo tai isizikamate nyaya zenyewe. Baada ya kufunga, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto na ubane breki zote mbili. Waya ukivutika, fungua uanze upya. Kwenye Mamba lenye breki za vyuma, hakikisha kibao hakizuii chuma kupanda na kushuka. Hili ni jambo la usalama, mwamuzi akiliona ana haki ya kukuzuia kuanza.

Mikia ya kebo tai ikatwe hadi mwisho kabisa. Mkia uliokatwa mshazari unachana ngozi kama wembe, na mtu wa kwanza kukatwa atakuwa fundi wako wa baiskeli. Kidude cha muda kikifungwa kwenye foku, kiache pale walipokuelekeza. Mkeka wa kupimia muda uliotandazwa mstarini umepangwa kukisoma kikiwa chini.

Kwa wanaoandaa mbio

Mkiwa na bajeti ndogo, msichapishe kwenye karatasi ya kawaida. Nunueni marikani nyeupe, mkate vipande vya sentimita 16 kwa 18, mkunje pindo ili isifumuke, kisha mpake tarakimu kwa rangi nyeusi ya mafuta mkitumia kiolezo cha kadibodi. Tarakimu ziwe nene, angalau sentimita moja na nusu, na kimo sentimita 10. Namba ya kitambaa inavutika na mwili, inafuliwa, na mwaka ujao inatumika tena. Mabango ya plastiki ya kampeni yaliyobaki baada ya uchaguzi yanafaa kwa vibao vya usukani, upande wa nyuma ulio mweupe, lakini mgongoni ni mazito na yanateleza kwa jasho.

Gaweni namba kwa makundi: timu ya kwanza 1 hadi 8, ya pili 11 hadi 18, ya tatu 21 na kuendelea. Mwamuzi akiona tarakimu ya makumi tu, au akiona haipo, tayari amejua ni timu gani, na kazi ya kutafuta jina inapungua. Namba 1 kwa desturi hupewa bingwa mtetezi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, aliivaa kwenye Tour de France ya 2014 baada ya kushinda ile ya 2013. Na meza mkishaiweka, iacheni palepale. Kivuli kikihama leteni mwavuli.

Namba 13 ina mambo yake. Kwenye mashindano makubwa, anayepewa 13 huachwa aigeuze moja kati ya namba zake mbili kichwa chini ili kukwepa mkosi, na waamuzi wamezoea. Hiyo ni kwa sababu ya pili inabaki wima. Ukiwa na moja tu, usiigeuze.

Siku yenyewe, na baada yake

Fika ukiwa umeshafunga. Foleni ya kuomba pini dakika kumi kabla ya kipenga ndiko namba nyingi mbovu zinakozaliwa. Beba pini mbili za akiba kwenye ukingo wa mfuko wa kati, zimefungwa. Pini ikifunguka njiani, usijaribu kuifunga ukiwa ndani ya kundi. Subiri mahali pa polepole, au uache pembe ipeperuke.

Ukijitoa kabla ya kumaliza, vua namba na uikabidhi kwa mwamuzi au kwa gari la mwisho linalookota waliochoka. Kanuni inataka hivyo, na hata pasipo kanuni, mtu anayerudi nyumbani na namba mgongoni bila kuaga anawaacha watu wakimtafuta vichakani hadi jioni. Ukimaliza, usivae koti wala leso begani kabla hujapita meza na kusikia namba yako imesomwa.

Toa pini siku hiyohiyo, kabla jezi haijaingia kwenye maji. Jasho lina chumvi, na usiku mmoja unatosha kutia kutu. Pini zifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, uzihifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Matundu madogo kwenye jezi yataziba yenyewe ukiifua kwa maji ya baridi na kuisugua kidogo kwa vidole. Yaliyopasuka, mpelekee fundi yuleyule wa bandi.